Kuvuka mpaka kununua simu na laptopu: kuna faida kweli au tunatajirisha mabasi?

#1 Kijana_wa_Umoja
Wadau, salamu. Nataka kubadilisha simu, na pia nimtafutie mdogo wangu laptopu ya chuo. Wiki hii yote nimezunguka Luthuli na Moi Avenue hapa Nairobi mpaka mawakala wa mlangoni wamenizoea. Simu niliyoipenda ni Samsung ya kati tu, na hapa wanaitisha 34,000. Ukibembeleza sana, 33,000. Binamu yangu aliye Kampala akanitumia picha ya simu hiyo hiyo dirishani kwa duka, na ukibadilisha pesa inakuja kama 29,500. Jamaa mwingine kazini anasema Kampala ya nini, nishuke Namanga, niingie Arusha, nirudi jioni.

Kuna mtu hapa amepiga hesabu hii mpaka mwisho, nauli na kila kitu? Na kwa nini bei ipishane hivyo ilhali tuko jumuiya moja na mzigo wote unatoka China?

#2 Mteremko
Nauli ya Kampala kwenda na kurudi inakula tofauti hiyo yote, na bado hujala chapati pale Busia. Swali limejibiwa. Mwenye uzi afunge mlango.

#3 Nyota_ya_Kisauni
@Mteremko haraka ya nini? Hesabu yako ni ya mtu anayesafiri kwa ajili ya simu. Mwenye safari yake, nauli hiyo ashailipa. Mie nina shangazi Tanga, kila nikienda kumsalimia narudi na kitu: mara pasi, mara redio, mara simu ya mtoto. Siendi Tanga kununua simu, naenda kwa shangazi.

#4 Karani_wa_Godauni
Mimi ni wakala wa forodha, acha niwape ya ofisini.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, na viwango vya ushuru wa forodha kwa mali ya kutoka nje ni vya pamoja. Kompyuta ni asilimia 0 kote, iwe Nairobi, Kampala au Dar. Runinga iliyokamilika ni 25. Lakini forodha ni mlango wa kwanza tu. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kila nchi ina yake: sisi 16, Uganda 18, Tanzania bara 18. Halafu Kenya tuna ada ya tamko la uagizaji (IDF) asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2.

Chukua laptopu mpya ambayo thamani yake ikifika bandarini ni 60,000. Forodha sufuri. VAT 9,600. IDF 1,500. Reli 1,200. Jumla 12,300. Mganda naye analipa VAT iliyo juu ya yetu, na ana ada zake pia. Kwa hivyo anayesema laptopu mpya ni rahisi Kampala kwa sababu ya kodi, mimi kodi hiyo siioni.

Simu ni kesi tofauti. Tangu 2022 Kenya inatoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoingizwa, na huo unakaa juu ya forodha, kisha VAT inakuja juu ya vyote. Kama kuna pengo la kodi, litafute hapo.

#5 Kijana_wa_Umoja
Asante @Karani. Kwa hivyo simu ninunue ng'ambo, laptopu hapa?

#6 Karani_wa_Godauni
Sikusema hivyo. Nimesema kodi inaeleza nini na haielezi nini. Bei ya dukani ina mengine.

#7 Mpwa_wa_Kariakoo
Wakuu, habari za Nairobi. Mimi ni Mbongo, nafanya kazi hapa Westlands. Kodi mnaipa sifa kuliko inavyostahili. Bajeti ya 2021/22 Tanzania tuliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watu wengi waingie mtandaoni. Mwaka uliofuata ikarudishwa kwa sababu mteja wa mwisho hakuona nafuu iliyokusudiwa. Kama kodi ndiyo ingekuwa bei, mtaa wa Aggrey kule Kariakoo, Dar, simu zingeshuka siku ile ile.

Kariakoo ina bei kwa sababu ya wingi. Mtu anatoka Zambia, Kongo, Malawi, Komoro, wote wananunua pale. Muuzaji anachukua faida ndogo kwa kila simu, ila anauza simu mia. Wa Luthuli anauza tano kwa siku na anataka zimlipie pango.

#8 Mteremko
Kwa hivyo kodi ikitoka bei inakaa, kodi ikirudi bei inapanda. Nani ananikopesha mtaji nifungue duka la simu?

#9 Tom_Mboya_Zamani
@Mpwa yenu iliwatokea hivyo, lakini si sheria ya kila mahali. Mwaka 2009 Kenya iliondoa VAT kwa simu, na mimi nilikuwa nauza simu kwa kibanda Tom Mboya Street. Tulishusha, kwa sababu jirani alishusha. Watu waliokuwa wakienda kwa simu ya jamii kupiga wakaanza kununua zao, hata wakulima waliokuja mjini mara moja kwa mwezi. Kisha sheria ya VAT ya 2013 ikairudisha. Kwa hivyo inategemea wauzaji wako wanagombania wateja au wamekubaliana kimya kimya.

#10 Fundi_wa_Kioo
Mmejadili kodi mpaka mmesahau kuuliza kama simu yenyewe ni moja. Mimi natengeneza simu, na nusu ya hizi hadithi za "simu hiyo hiyo" nikifungua kifuniko zinaisha.

Kwanza, jina moja la simu linaweza kuwa na kumbukumbu ya 128 au 256, na RAM tofauti. Dirishani hazionyeshi. Pili, toleo la nchi moja linaweza kukosa NFC (ya kulipia kwa kugusa) au kuwa na laini moja badala ya mbili. Tatu, Samsung nyingi zina kufuli la eneo: boksi lina kibandiko kinachokuambia iwashwe kwanza kwa laini ya nchi za eneo fulani, na upige simu ya angalau dakika tano kabla haijakubali laini ya kwingine. Mteja analeta kwangu akilia kwamba simu mpya imekataa laini, kumbe hakusoma kibandiko. Nne, na hii ndiyo kubwa, simu iliyokarabatiwa ikatiwa kwa boksi jipya na kufungwa nailoni. Mashine ya kufunga nailoni si kitu cha ajabu, hata River Road iko.

@Kijana mwambie binamu abonyeze *#06#, alinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ile ya kwa boksi na ile ya ndani ya mipangilio. Zote tatu. Na alinganishe RAM na ile uliyoona hapa.

#11 Kijana_wa_Umoja
Nimemwandikia. Anasema ya dirishani ni 6 kwa 128. Ya hapa Luthuli ilikuwa 8 kwa 256. 😐

#12 Mteremko
Hahahaha. "Simu hiyo hiyo." Mwenye uzi njoo ufunge mlango.

#13 Mpwa_wa_Kariakoo
Bado haijajibu kwa nini hata zikiwa sawa kuna tofauti. Nina rafiki amelinganisha 8/256 na 8/256, Aggrey na Moi Avenue, na tofauti ilikuwepo.

#14 Chupa_ya_Dagoretti
Mbona mnahangaika? Kwa jumuiya unaruhusiwa kupita na mali ya dola 2,000 bila ushuru. Nilisikia redioni. Nunua, beba, pita.

#15 Karani_wa_Godauni
@Chupa hapo ndipo watu wengi wanakamatwa wakiwa na uhakika wao. Kuna dola 2,000 mbili, na hazina undugu.

Ya kwanza ni utaratibu wa biashara uliorahisishwa, wa wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Unahusu mali isiyozidi dola 2,000 iliyolimwa au kutengenezwa ndani ya Afrika Mashariki: mahindi, maharagwe, mikeka, maziwa. Unapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Simu ya Shenzhen haipati cheti hicho hata ikiwa imeuzwa na Mganda, kwa risiti ya Kiganda, ndani ya mfuko wa kaki.

Ya pili ni nafuu ya abiria kwa mali yake binafsi. Hiyo kwa miaka mingi ilikuwa dola 500, ndiyo iliyoleta kelele Novemba 2023 mamlaka ya kodi, KRA, ilipowakumbusha wasafiri wa uwanja wa ndege wa JKIA. Kenya ikaipandisha hadi dola 2,000 mwaka 2025. Lakini sheria ya forodha ya jumuiya ina sharti: uwe umekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24, na mali uitangaze mwenyewe. Aliyeingia Arusha asubuhi akarudi jioni hayumo. Na ni ya matumizi yako. Simu nne zilizofungwa si matumizi yako, labda kama una masikio manane.

#16 Mteremko
Kwa hivyo jamaa wa kazini kwa @Kijana anamtuma Arusha arudi jioni ili akutane na forodha vizuri. Kuna watu kazini si marafiki zako.

#17 Nyota_ya_Kisauni
Ndiyo mie nilikwambia nenda kwa shangazi. Kwa shangazi huwezi kulala chini ya siku tatu, hata ukitaka.

#18 Abiria_wa_Usiku
Nimepanda sana basi la Nairobi–Kampala kwa kazi, nichangie ya barabarani.

Kwenda Uganda kitambulisho cha taifa kinatosha. Tanzania utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mpakani pamerahisishwa tangu vituo vya pamoja vifunguliwe. Busia na Namanga vyote vilizinduliwa rasmi 2018, unagongewa mihuri miwili ndani ya jengo moja badala ya kutembea na begi katikati ya malori. Kinachochelewesha ni mizigo ya watu.

Safari moja usiku, tukiwa tunarudi, mama mmoja akapita viti akigawa maboksi ya simu. "Nishikie hii moja tu mwanangu, tukivuka nitachukua." Kila kiti boksi moja. Aliyekaa karibu nami akashika bila kufikiria. Afisa alipoingia akauliza kila mtu afungue simu yake aseme nywila. Nani alijua nywila ya boksi ambalo halijafunguliwa? Tulikaa pale mpaka jua likatoka. Yule mama hakusema neno. Jirani yangu ndiye aliyekuwa anaulizwa, kwa sababu boksi lilikuwa mkononi mwake yeye.

Risiti weka. Ukiulizwa, sema ukweli. Bei ya kukaa usiku kucha kwenye benchi mpakani haiko kwa hesabu ya mtu yeyote hapa.

#19 Chupa_ya_Dagoretti
Kuna njia za kando lakini, zile za pikipiki...

#20 Msimamizi
@Chupa hapana. Hapa hatufundishani magendo. Posti ya kuendelea na hiyo itatolewa. Endeleeni na mengine.

#21 Mzee_wa_Garissa_Lodge
Nimesoma yote nikacheka. Vijana mnadhani bei inatengenezwa na duka. Bei inafuata njia ambayo mzigo uliingilia.

Miaka ya tisini, kabla Eastleigh haijawa na majengo haya ya vioo, Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni. Watu wamekimbia vita Somalia, wanauza vyumbani, mchana kitanda kinageuzwa meza. Redio kaseti kutoka Dubai, mashuka, saa. Mtu wa Moi Avenue aliuza redio ile ile karibu mara mbili. Hakuwa mwizi. Yake ilipita bandarini na ya Eastleigh ilipita jangwani. Serikali ililijua jambo hilo na wateja wakalijua zaidi.

Siku hizi mzigo unaletwa kwa ndege au meli kwa kulipia kilo, wakala anajumlisha mizigo ya watu wengi na kodi iko ndani ya bei ya kilo. Aliyepata wakala mzuri anauza chini. Aliyefungua faili yake peke yake anauza juu. Wote wako ghorofa moja. Kabla ya kupanda basi la Kampala, panda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Duka la chini barabarani limelipa kilemba, pesa ya kupewa nafasi, ambacho wewe ndiye utakayekirudisha.

#22 Tom_Mboya_Zamani
Hapo kwa kilemba mzee amegonga. Kibanda changu cha zamani, upana wa mlango wa jokofu, aliyekichukua baada yangu alilipa kilemba ambacho mimi kwetu Murang'a ningenunulia shamba. Ukiona chaja ya 300 inauzwa 800, mteja analipia ukuta.

#23 Dola_na_Shilingi
Yote hayo sawa, lakini mmesahau dola. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Wauzaji wakapandisha, haki yao, mzigo mpya ulikuwa ghali. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130 na imekaa hapo. Bei za simu zimerudi? Nyingine zimerudi, nyingi zimejifanya hazijui. Shilingi ya Uganda wakati huo haikuyumba kama yetu. Sehemu ya pengo ambalo @Kijana anaona ni kumbukumbu ya 2024 ambayo Luthuli wanaihifadhi kwa uangalifu.

#24 Mteremko
@Dola_na_Shilingi muuzaji atakuambia "hii ni stoki ya zamani." Stoki gani hiyo haiishi tangu 2024 na kila siku wanauza?

#25 Jirani_wa_Ntinda
Hamjambo, mimi niko Kampala. Kiswahili changu mnisamehe. Huku sisi tunasema vitu ni rahisi Nairobi! Mimi wufa yangu na betri ya sola nilinunua Luthuli, na wenzangu wengi wanakuja huko. Simu ndiyo tunanunua hapa, jengo la Mutaasa Kafeero, simu zimejaa kama samaki sokoni. Lakini ukiwa mgeni wanakujua kwa macho. Simu nyingine pale zimetoka Dubai zikiwa zimetumika, zinasafishwa, zinang'aa. Binamu wa @Kijana aende na mtu anayejua, si aende na kamera tu.

#26 Fundi_wa_Kioo
@Jirani umenikumbusha kitu. Kuna simu zinazouzwa kwa mkopo, mtu analipa kidogo kidogo kila siku, asipolipa simu inajifunga yenyewe kutoka mbali. Wajanja wanachukua mkopo nchi moja, wanauza simu nchi ya pili siku hiyo hiyo ikiwa bado inafanya kazi. Mteja wangu alinunua moja mji wa mpakani, safi, bei nzuri, boksi hana. Baada ya muda kioo kikageuka tangazo: simu hii inadaiwa, piga namba fulani. Alipopiga namba hiyo, wakamuuliza jina la mkopaji. Akanipigia mimi. Nami sina dawa yake, na fundi atakayekuambia anayo anataka pesa yako ya pili.

Bila boksi na risiti, usinunue mpakani. Hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake.

#27 Deira_Mpaka_Lini
Nyinyi mnagombana kuhusu Kampala na Aggrey, mimi nawaandikia nikiwa Dubai. VAT hapa ni asilimia 5 tangu 2018. Mtalii anayeondoka anarudishiwa asilimia 85 ya hiyo VAT akitoa ada ya dirham 4.80 kwa kila risiti, mradi duka liko kwa mpango na ununue kuanzia dirham 250. Laptopu tafuta Bur Dubai, maduka ya kompyuta yamepangana. Dragon Mart ni ya taa, nyaya na vifaa vya nyumba. Plagi ni ya pini tatu kama ya kwetu, umeme ni ule ule, huna haja ya adapta.

#28 Mteremko
Na tiketi ya ndege nani anailipa, Sheikh?

#29 Deira_Mpaka_Lini
Mwajiri, nikienda likizo. Ndiyo shida yenyewe. Nikitangaza tu kwamba nakuja, simu yangu inajaa. "Uniletee laptopu, nitakulipa ukifika." "Uniletee iPhone, nitauza ng'ombe." Likizo iliyopita begi langu lilikuwa la watu, nguo zangu nilizivaa zote mwilini, joto la hapa mnalijua. Aliyesema atauza ng'ombe ng'ombe bado anamkamua.

#30 Nyota_ya_Kisauni
Pole mwanangu. Wambie walipe kwanza. Na wakilipa, risiti iwe ya kila kitu mbali mbali, usije ukapanga foleni nyekundu, ya kutangaza mali kwa forodha, kwa ajili ya mali ya watu.

#31 Shosh_wa_Ngong
Habari zenu watoto. Binti yangu yuko Marekani, jimbo la Delaware, anasema huko hakuna kodi ya mauzo dukani kabisa. Alinitumia simu, iPhone. Nimeenda dukani kuweka laini, kijana akaigeuza geuza, akasema haina mahali pa laini. Je, nimetumiwa simu mbovu?

#32 Fundi_wa_Kioo
Shikamoo Shosh. Si mbovu. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia 14, ya mwaka 2022, hazina tundu la laini, zinatumia eSIM, laini isiyo ya kadi. Nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho, wakuwekee eSIM. Ila mwulize binti kama aliinunua kwa pesa taslimu au kwa mkataba wa kampuni ya huko. Ya mkataba inaweza kuwa imefungwa kwa kampuni hiyo mpaka deni liishe.

Na mwambie asikutumie mashine za jikoni. Chaja za simu na laptopu nyingi zinakubali volti 100 hadi 240, soma maandishi madogo mgongoni. Lakini blenda na mikrowevu za huko ni za volti 120. Nina blenda moja hapa kwangu, ya kijana aliyeletewa na kaka yake. Ilisaga embe kwa sekunde chache, kisha ikasaga hewa na moshi.

#33 Shosh_wa_Ngong
Marahaba. Blenda nishaambiwa imeshawekwa kwa meli.

#34 Kitabu_cha_IMEI
Kuna jambo hakuna aliyeligusa. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano na KRA walitangaza kwamba simu zinazoingia lazima IMEI zake zisajiliwe kodi, kuanzia Januari 2025, na isiyosajiliwa isiruhusiwe kwa mtandao. Ambaye angenunua Kampala akapita kimya angeishia na kifaa cha kupigia picha. Tanzania walikata simu bandia Juni 2016, na Kenya tulifanya hivyo mwaka 2012. Kwa hivyo hii si hadithi ya kutishia watoto.

#35 Tom_Mboya_Zamani
@Kitabu malizia hadithi. Mahakama Kuu iliitupa hiyo ya IMEI na kodi Julai 2025, kwa sababu za faragha. Na zilizokatwa 2012 zilikuwa bandia, IMEI za uongo au zinazorudiwa. Simu halisi iliyonunuliwa Aggrey kwa risiti haikuwa kwa hesabu hiyo.

#36 Kitabu_cha_IMEI
Mahakama imeitupa, lakini hamu ya kukusanya haijatupwa. Mimi sinunui simu ambayo siku moja nitaulizwa iliingia lini.

#37 Chupa_ya_Dagoretti
Na zile za Athi River? Simu za kuunganishwa hapa hapa, zilizinduliwa Oktoba 2023, wakati huo moja 7,499 na nyingine 8,999. Hakuna mpaka, hakuna basi, hakuna mama wa maboksi.

#38 Mteremko
@Chupa leo umesema kitu halali, tuandike tarehe. Lakini @Kijana anataka Samsung ya picha za Instagram. Ukimpa ya 7,499 atalia.

#39 Kijana_wa_Umoja
Sitalia, nitanuna tu. Hali ilivyo: laptopu nimepanda ngazi kama alivyosema Mzee wa Garissa Lodge, ghorofa ya juu Moi Avenue, nimepata HP iliyotumika, ex-UK, yaani imetoka Uingereza, kwa bei ambayo chini barabarani walikuwa wanacheka nikiitaja. Simu bado. Binamu anasema amepata duka lenye 8/256 na anakuja Krismasi kwa njia zake, atalala hapa wiki mbili.

#40 Mpwa_wa_Kariakoo
Mimi naenda Dar mwezi ujao, nitakupa bei ya Aggrey ulinganishe. Mtaona.

#41 Dola_na_Shilingi
Linganisha kwa kiwango cha siku hiyo, si cha kichwani. Na wachenji wa mpakani wana kiwango chao.

#42 Karani_wa_Godauni
Na waranti. Samsung na wengine wengi wanaweza kukataa kutengeneza bure simu iliyouzwa eneo lingine. Tofauti ya 4,000 inaisha siku kioo kikipasuka ukiambiwa urudi ulikonunua.

#43 Fundi_wa_Kioo
Kioo kilichopasuka hakiko kwa waranti popote @Karani. Hiyo ni kazi yangu, usiniharibie biashara.

#44 Mama_wa_Syokimau
Naomba kuingilia. Mume wangu ameona runinga ya inchi 55 Arusha na ameshaamua, mimi nimebaki na maswali. Itashika chaneli za hapa bila king'amuzi? Na inaingia vipi kwa basi?

#45 Karani_wa_Godauni
Kenya, Uganda na Tanzania zote zinatumia DVB-T2, mfumo wa matangazo ya runinga ya kidijitali, kwa hivyo hakikisha tu herufi hizo ziko kwa boksi. Ya ushuru nimeshasema: atangaze, akae Arusha zaidi ya saa 24, risiti iwe na jina lake.

#46 Abiria_wa_Usiku
Kwa basi inaingia, ila utalipia kama mtu. Mwaka jana nilikaa na moja kutoka Namanga hadi Nairobi, yenyewe ilikuwa dirishani.

#47 Fundi_wa_Kioo
Dirishani ni sawa, mradi iwe imesimama. Msiilaze, na msikubali kondakta aweke begi juu yake. Na kabla ya kutoka dukani iwashwe, iwekwe rangi nyeupe kwa kioo chote, ndipo alipe.